Mafunzo ya Kunyanyua Mizigo kwa Mikono: Maoni Yangu Kuhusu Huduma Tuliyoipata

Mafunzo mengi ya kunyanyua mizigo huishia kwenye agizo moja, kwamba mfanyakazi akunje magoti na anyooshe mgongo, kisha vyeti hutolewa na kazi huendelea vilevile. Mapitio ya tafiti hayajapata ushahidi wa kutosha kwamba agizo hilo peke yake hupunguza maumivu ya mgongo kazini. Huduma ambayo mwajiri wetu aliilipia kwa ajili ya wafanyakazi wa ghalani hutafuta hatari kwanza kwenye kazi yenyewe, na kwa sababu hiyo ninaipendekeza, ingawa ina kasoro.

Wakufunzi hawakuanzia darasani. Walisimama ghalani wakiangalia shehena ikishushwa, wakafanya tathmini ya vihatarishi pamoja nasi kwa kuzingatia mambo manne: kazi, mtu, mzigo na mazingira. Kwa nini katoni zinawekwa sakafuni ilhali muda mfupi baadaye zitanyanyuliwa tena? Anayezibeba ana maumivu ya zamani? Zina mahali pa kushika? Sakafu ina unyevu? Swali la kwanza ndilo lililoleta badiliko kubwa kuliko yote, kwani sasa katoni hupokelewa juu ya meza yenye kimo cha kiuno, na kule kuinama kutwa nzima kumekwisha.

Somo la uzito nalo lilifundishwa vizuri sana. Wengi wetu tulitaka kutajiwa kikomo kimoja cha kilo, lakini mkufunzi alieleza kwamba kanuni ya NIOSH (taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini), iliyorekebishwa mwaka 1991, huanza na kilo 23 katika hali bora kabisa, kisha kiwango hicho hushuka kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili, unavyolazimisha kiwiliwili kujipinda, au unavyonyanyuliwa mara kwa mara. Kila mmoja alipewa katoni nyepesi aishike ikiwa imegusa tumbo, kisha anyooshe mikono mbele. Mabega yalianza kutetemeka upesi, ilhali uzito haukuongezeka hata gramu moja.

Kusukuma na kuvuta kulipitiwa kwa haraka mno. Hilo ni pungufu kubwa kwa ghala ambalo mizigo yake mizito husafirishwa kwa toroli, kwa sababu gurudumu bovu au mteremko mdogo huweza kumuumiza mtu ambaye hakunyanyua chochote. Aidha, fomu ya tathmini imejaa visanduku kupita kiasi, na ziara ya kurudia hulipiwa peke yake, ilhali tathmini hupaswa kufanywa upya kila mzigo, watu au mpangilio wa kazi unapobadilika.

Mwajiri anayefikiria kuichukua huduma hii aombe muda wa toroli uongezwe kabla ya kusaini mkataba, na ahakikishe kwamba msimamizi mwenye idhini ya kununua vifaa yupo ghalani wakati wa tathmini. Meza yetu iliidhinishwa papo hapo kwa sababu alikuwapo na alijionea mwenyewe.