Studio iliyonitoa: masikio wanayo, adabu hawana

Assalaam aleikum. Naandika hapa na hasira zangu, nilisema nitangoja nipoe lakini siku zinakwenda na sipoi, basi wacha niandike tu. Kila siku naulizwa inboksi, dada ile nyimbo ulirekodi wapi, na sie tunataka tukarekodi hapohapo. Jina la studio sitolitaja. Iko hapa mjini Unguja, ukutani wamebandika trei za mayai, na yule prodyuza wenye kumjua washamjua. Nnampa nyota moja. Nikifika mwisho pengine nitabadilisha, sijui.

Mie kwetu Konde, Pemba. Nilikuja Unguja kwa mamdogo baada ya kumaliza skuli, jioni namsaidia kuuza urojo, na ile nyimbo niliitunga palepale kwenye karai la bajia. Kinanda sijui, naimba kwa kinywa tu najirekodi kwenye simu, ukiisikiliza ile rekodi ya mwanzo unasikia mafuta yanachemka. Inamuita mtu aliyehama arudi nyumbani, na kibwagizo kinaishia kwa "njoo kuno". Kwetu ndo tunavyosema, wenzetu wanasema huku, sie tunasema kuno, na babu yangu akighani tenzi zake za zamani hilo kuno limo tele, mimi sikulizua.

Nikakusanya laki na nusu, hela ya bajia hiyo, nikenda. Ilikuwa kama mwezi hivi kabla ya mfungo. Nikalipa yote siku ile ile, na hapo ndo pa kosa langu la kwanza.

Sasa sikilizeni. Nimeingia kile kichumba, nimevaa hedifoni, nimefumba macho, nimeimba vizuri kabisa mpaka nikafika kwenye kuno. Biti ikazimwa. Nikasikia sauti yake masikioni mwangu, "Kuno ndo nini? We mtoto acha ushamba wa karafuu hapa, imba huku, watu wa Bara watakucheka." Na kwenye kochi walikuwa wamekaa vijana wanne ambao hata siwajui wamekuja kufanya nini, wote wakacheka, mmoja akarudia "kunoo" kwa kuivuta makusudi kama vile anamuigiza mwendawazimu. Mimi mlango wa kile kichumba una kioo, nawaona. Wallahi sijapata kuona haya kama siku ile, na si haya ya kukosea, maana sikukosea, ni haya ya kumsikia mtu anakichekea kinywa cha mama yangu na bibi yangu mbele yangu na mie sina pa kukimbilia, hedifoni iko kichwani, anacheka ndani ya masikio yangu.

Nikaimba huku. Nikaimba tena. Nilihesabu, mara kumi na moja, na kila mara anasema "haina hisia". Itakuwaje na hisia na we ushaitoa?

Mara umeme ukakatika. Feni ikasimama, joto lile mnalijua, tukakaa kizani karibu saa nzima, wale vijana wakatoka kwenda kununua mishikaki. Uliporudi akawasha mitambo akaniambia "imba chochote nisikie levo ya maiki". Mie nshachoka, koo limekauka, nataka kurudi kwa mamdogo, nikaimba kibwagizo changu kwa nilivyozoea mwenyewe, na kuno yangu, mara moja tu. Hakusema kitu. Akairudisha akaisikiliza, akairudisha tena. Kisha akasema "haya nenda, ntakutumia". Hata ahsante hapana.

Ramadhani ikaingia, huko ndo usimuulize mtu mambo ya muziki, kila unakopita ni kasida, na mie nikasema laki na nusu yangu ishakwenda. Mpaka usiku wa kuamkia Idi, tuko jikoni tunatengeneza vileja, simu ikalia. Faili. Mikono imejaa unga, mamdogo ndo akabonyeza.

Hapa lazima niseme kweli hata kama naumia. Yule mtu nyimbo anaijua. Hakuanza na biti, alianza na kibwagizo chenyewe, sekunde ya kwanza tu unakutana na sauti yangu. Na alikuwa ametumia ile ya kujaribia maiki! Zile kumi na moja zote kazitupa. Tena ikifika "njoo", ngoma zote anazizima, kinanda kimya, kila kitu kimya, halafu "kuno" inakuja peke yake kavu, unasikia mpaka pumzi yangu ya uchovu, ndo ngoma zinaingia kwa kishindo. Mamdogo aliacha kukanda. Akasema "rudisha". Tuliirudisha mpaka vileja vya mwanzo vikaungua.

Ule ukimya ndo uliofanya nyimbo iende. Nakwambia hivi kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Siku ya pili ya sikukuu nilikwenda viwanja vya Kariakoo ya hapahapa Unguja na wadogo zangu wa hapa, nikasikia inapigwa kwenye spika la muuza juisi, sikuamini, na watoto wa kike kama sita hivi wamejipanga, wakifika pale pa kimya wote wanasimama kama sanamu, halafu "kuno" wanavuta mkono kama wanamvuta mtu kwa kamba. Nani kawafundisha? Hakuna. Wameuona ule mwanya wakaujaza wenyewe. Baada ya hapo video fupi zikaanza, mabibi harusi kwenye singo, wavuvi wanavuta nyavu, mama mmoja anamuita mbuzi wake. Binamu yangu akanipigia kutoka Pemba, nyimbo inapigwa Tibirinzi, inapigwa daladala za Konde, na watu wa Bara waliosemwa watanicheka ndo wanaoniandikia zaidi kuuliza kuno maana yake nini.

Basi nikaitwa nikaimbe hoteli moja huko Nungwi. Hela ya kweli, ya kwanza maishani. DJ akaniambia nilete biti tupu, au stemu. Kwa ambao hawajui, stemu ni kila kitu kwenye faili lake, ngoma peke yake, kinanda peke yake, sauti peke yake, ndo unaweza kutoa sauti ukabaki na biti ukaimba juu yake mbele za watu. Mie nilichonacho ni ile ya kutumiana kwenye simu, mega tatu basi, wakati hiyo nyimbo ya dakika tatu ikiwa WAV ni kama mega 30, na juu yake prodyuza katia jina la studio yake analipaza kila baada ya ubeti.

Nikenda studio na flashi mkononi. Nimevaa vizuri, nimechukua na kachori za mamdogo, maana nilikuwa nakwenda kushukuru, hilo mlijue. Akanikalisha barazani nje, jua la saa nane, mpaka adhana ya alaasiri ikapita. Alipotoka hakufungua geti la nondo, alisimama ndani mie nikiwa nje, nikamwambia kaka naomba stemu zangu. Akasema, "Stemu zako? Nyimbo mimi ndo niliyeitengeneza, we uliimba tu. Ukizitaka milioni." Nikamwambia kaka nililipa. Akasema, "Nyimbo ya kwanza kila mtu hubahatika, tutakuona ya pili." Akarudi ndani. Kachori nilizigawa kwa watoto njiani.

Hoteli niliimba juu ya sauti yangu mwenyewe, tunapishana kama mtu na mwangwi wake, na pale pa kimya, pale ambapo watu wote wanangojea, jina la studio likapazwa kabla sijafungua mdomo.

Na bado. Wiki chache nyuma namsikia redioni anahojiwa, anasema "yule binti nilimwambia mimi, wewe imba Kipemba chako, usione haya". Nilikuwa ndani ya daladala. Nilishuka kabla ya kituo changu maana machozi yalikuwa yananitoka. Milioni ningemsamehe, jua la barazani ningemsamehe. Lakini neno aliloniaibisha kwalo mbele ya wanaume wanne leo analifanya lake?

Nilipotaka kuipandisha nyimbo kwenye akaunti yangu nikaambiwa na mtandao kuwa ni mali ya mtu mwingine, kumbe kashaisajili yeye kwa jina la studio, na ule mfumo unalinganisha sauti na sauti tu, nani katunga haujui. Mtu mmoja mwenye kufahamu akanielewesha kuwa maneno na tuni ni haki ya mtunzi, ile rekodi ni haki nyingine mbali, na mambo haya yanaandikwa kwenye karatasi kabla hujafungua mdomo kwenye maiki, na kwamba Zanzibar sheria ya hakimiliki tunayo tangu 2003 na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya hapa Zanzibar, ipo kwa ajili hiyo. Ile rekodi ya mafuta yanayochemka ninayo mpaka leo na tarehe yake, nimeinakili sehemu tatu.

Mamdogo alivyoniona nalia akaniambia Siti binti Saad alitoka Fumba, akiuza vyungu, mwaka 1928 akapanda meli mpaka Bombay kurekodi, na akaimba Kiswahili cha hapahapa, na sahani zake za santuri zikanunuliwa pwani nzima. Hakuna aliyemwambia asafishe kinywa kwanza, mamdogo alisema. Sijui kama hakuna, pengine walikuwepo. Lakini alirekodi.

Haya, kuhusu nyota. Nilikwenda studio nyingine kwa ajili ya nyimbo ya pili, watu wastaarabu mno, wamenipa kiti, wamenipa maji baridi, karatasi tumesaini, stemu nimepewa siku ileile. Na nyimbo imekufa. Wameinyoosha sauti yangu mpaka imekuwa kama ya kila mtu, nimewaambia mara tatu acheni pumzi, wanasema itaonekana uchafu. Nimeisikiliza usiku kucha nikitafuta kosa, kosa hakuna, ila roho ndo hamna. Na kinachonikera kupita vyote ni kuwa nikifumba macho najua yule angefanya nini, angezima ngoma wapi, angeacha kipi. Mtu mwenye masikio yale kwa nini hana adabu? Kwa masikio nampa tano, kwa utu hata hiyo moja niliyompa nataka kuirudisha.

Mnaotaka kwenda, nendeni, sikukatazeni, nyimbo mtaipata. Ila mwende na mtu mzima wenu, mlipe nusu tu, karatasi isainiwe mwanzo nani katunga nini, na flashi itoke na stemu ndo nusu ya pili itoke. Na wale wa kochini waambie watoke nje kabla hujavaa hedifoni.

Jana usiku yule prodyuza kanitumia ujumbe wa sauti. Nilidhani anaomba radhi. Kasikia natafuta studio, anasema ana biti mpya ya kwangu mimi, haijaimbwa na mtu, halafu anacheka kidogo na kumalizia, "We mtoto, njoo kuno." Nimeusikiliza mara nne. Biti inasikika kwa nyuma, na ni nzuri, nzuri hasa.

Nimemjibu neno moja tu, stemu.