Tathmini ya huduma: kikao cha maoni kuhusu nyumba mpya Likoni

Kampuni ya ushauri iliyoajiriwa na mwekezaji ili kukusanya maoni ya wakazi wa kijiji kimoja cha Likoni, karibu na bahari, imetoa huduma ambayo siwezi kuisifu. Baraza lilitangazwa mapema na viti vilitosha. Lakini ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa ya Kiingereza pekee, ilhali wazee waliokuja kuzipinga nyumba hizo za ghorofa ndio wanaotegemea visima vilivyo jirani na kiwanja.

Suala la maji ndilo zito kuliko yote. Mwamba wa matumbawe hupitisha maji upesi, hivyo uchafu wa mashimo ya vyoo huweza kufika visimani, na maji yakivutwa kupita kiasi, ya bahari huingia na kuyatia chumvi. Mama mmoja aliuliza familia zote hizo zitapata maji wapi, akaonyeshwa michoro ya bustani. Kwangu, hiyo ni dharau.

Ibara ya 69 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kulinda mazingira, na leseni ya mradi inaweza kupingwa mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira ndani ya siku 60. Washauri hawakulitaja hilo hata kidogo. Mwekezaji anayetaka kusikilizana na wanakijiji kwa dhati na atafute washauri wengine, nao wakazi waombe ripoti ya Kiswahili kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya mahudhurio.