Uzoefu wangu: laptopu used, Debian 12 na sauti iliyogoma

Wakuu, hii ni kwa yeyote ambaye laptopu yake ya Linux inamwandikia Dummy Output (yaani haioni kifaa chochote cha sauti) halafu fundi anamwambia kadi ya sauti imeungua. Usitoe hela kwanza.

Mimi nipo Uyole hapa Mbeya, nahariri rekodi za kwaya na video za harusi, yaani bila sauti sina kazi. Nikachukua laptopu used Mwanjelwa, prosesa ni Intel ya kizazi cha kumi, ndani ina Debian 12 (aina mojawapo ya Linux) iliyopandishwa kutoka 11, inawaka fasta, chaji inakaa, kioo safi. Nafungua video, kimya. Kwenye mipangilio ya sauti spika hakuna, maiki hakuna, ni hiyo Dummy Output tu. Fundi mmoja mjini akaigusagusa akasema tubadilishe bodi, na bei aliyotaja inakaribia ya laptopu yenyewe, nikabeba mzigo wangu nikasepa.

Ninachoipendea Linux, ukiiuliza inakujibu. Nikafungua terminal, pale pa kuandikia amri, nikaandika lspci -nnk inayoorodhesha vifaa vya ndani, ikaleta Multimedia audio controller ya Intel na chini yake draiva (programu inayoendesha kifaa) sof-audio-pci-intel-cnl inatumika. Sasa kadi iliyoungua inajitambulishaje hivyo? Ila aplay -l, amri ya kuorodhesha kadi za sauti, yenyewe inasema no soundcards found, na hapo ndo wengi wanakata tamaa. Jibu lilikuwa kwenye sudo dmesg | grep -i sof, inayochuja ujumbe wa mfumo kuhusu hiyo draiva, mstari mmoja tu: Direct firmware load for intel/sof/sof-cml.ri failed with error -2. Hiyo -2 maana yake faili halipo. Kadi ni nzima haijaungua, kinachokosekana ni faili.

Iko hivi, laptopu nyingi za Intel za miaka hii, hasa zenye maiki za dijitali pale juu karibu na kamera, sauti inapitia kichakataji chake kidogo kinaitwa DSP, na hicho lazima kipakiwe fimwea, yaani programu yake ya ndani, kila mashine inapowaka. Kwenye Debian iko kwenye pakiti ya firmware-sof-signed. Enzi za 11 ilikaa sehemu ya hazina ya Debian inayoitwa non-free, ilipotoka 12 mwaka 2023 ikahamia sehemu mpya inaitwa non-free-firmware, na aliyeipandisha hii mashine kwenye sources.list, faili linaloiambia Debian ichukue pakiti wapi, aliacha sehemu ya main peke yake, sasa fimwea ingetoka wapi? Nikaongeza neno non-free-firmware mwisho wa mstari, apt update, apt install firmware-sof-signed, nikazima nikawasha. aplay -l ikaleta kadi, sofhdadsp!

Na bado kimya, haha. Fungua alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, bonyeza F6 uchague kadi, ukiona MM chini ya Master au Speaker ujue imefungwa mdomo, bonyeza M ifunguke. Hapo ndo besi ya kwaya ikasikika.

Kuna watu watakwambia uweke options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1 kwenye /etc/modprobe.d, hiyo inairudisha kadi kwenye draiva ya zamani. Nilijaribu, spika zinapiga vizuri tu ila maiki ya ndani inapotea, nikaitoa. Kama wewe ni wa kusikiliza muziki tu itakufaa.

Na kama una haraka ya kazi, tafuta kale kakadi ka sauti ka USB kwenye maduka ya vifaa vya simu, kanatumia draiva ya snd-usb-audio ambayo imo kwenye keneli (kiini cha Linux) tayari, unachomeka kanaonekana. Mimi hadi leo narekodia hako maana maiki ya ndani inabeba kelele za feni.

Laptopu hii na Debian yake naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimekata kwa sababu ya HDMI, nikichomeka tivii ya kanisani sauti inabaki kwenye laptopu hadi nifungue pavucontrol, programu ya kuchagua sauti itokee wapi, nihamishe kwa mkono, na mwalimu wa kwaya hana subira kabisa.