Sproketi ya umbo la yai kwenye baiskeli ya gia moja: ununue ipi?

Mlimani, mwenye baiskeli ya gia moja hana gia ya kupunguza. Kila pedeli zinaposimama wima, moja juu na nyingine chini, mguu hukosa nguvu. Sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) yenye umbo la yai hulainisha mzunguko hapo hapo, kisha huuongezea uzito pedeli zikilala, mguu ukiwa na nguvu zake zote. Kwa gia moja faida hiyo ni kubwa, kwa sababu huna njia nyingine.

Wengi huogopa cheni italegea na kuchomoka. Hofu hiyo imekuzwa mno. Cheni hukumbatia karibu nusu ya meno muda wote: upande mmoja ukipokea jino, mwingine unaachia, hivyo mvuto hubadilika kidogo tu. Zungusha pedeli taratibu, tafuta mahali cheni inapokaza zaidi, na uirekebishe ukiwa hapo.

1. Yai la wastani: upande mrefu wa sproketi umeuzidi mfupi kwa 10% hadi 12%. Wolf Tooth na absoluteBLACK wanazitengeneza. Meno membamba na mapana yanayopishana huishika cheni vizuri. Hili ndilo chaguo langu bila kusita. Chukua idadi ya meno uliyoizoea, na upime kwanza kipenyo cha duara linalopita kwenye matundu ya boliti: sproketi ya 104 mm haiingii kwenye mkono wa pedeli wa 110 mm.

2. Shimano Biopace ya mtumba. Ni ya miaka ya 1980, ni imara, na mpangilio wake ni kinyume: mzito pedeli zikiwa wima. Yenye matundu matano ukiisogeza tundu moja, inageuka nyuzi 72 na kukaribia mpangilio wa kisasa. Meno yakiwa yamechongoka kama mapezi ya papa, iache.

3. Sproketi ya Osymetric. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda nayo Tour de France ya 2013, lakini baiskeli yake ilikuwa na springi ya gia inayomeza ulegevu. Umbo hili limezidi mno. Bila kikaza cheni cha springi, usiinunue.

Kwenye Phoenix au Avon, sproketi mara nyingi imeshikana na mkono wa kulia, kwa hiyo utalazimika kubadili seti nzima. Badala ya kuibadili, mwambie fundi akufungie sproketi ya nyuma yenye meno mawili zaidi. Mlima utakuwa mwepesi kwa pesa kidogo.