Niliomba maji ya kunywa, nikaonyeshwa sinki

Nianze na haki yao: pweza alikuwa laini. Pweza wa nazi laini namna ile sijamla nje ya nyumba yangu, na wali ulichambuka punje moja moja. Sifa zimeishia hapo, na hata hizo naziandika kwa sababu mke wangu amesimama nyuma ya kiti changu anasema, "Andika yote, usiandike hasira tu."

Mgahawa uko Shangani, hapa Mtwara, jirani na bahari. Jina silitaji. Siku yenyewe siishiki vizuri, ila minada ya korosho ilikuwa imeshaanza, maana mji ulichangamka na mgahawani walijaa watu wa kuagiza maji makubwa mawili mawili kabla hawajaketi sawasawa. Mimi nilikuwa peke yangu, nimevaa kandambili. Labda na hilo lilichangia. Sijui.

Mimi ni mtu wa presha, na kidonge changu cha mchana nakimeza nikishakula. Nikamwita mhudumu, binti mdogo wa umri wa mjukuu wangu, nikamwambia, "Mwanangu, naomba maji ya kunywa."

"Ya baridi au ya kawaida?"

"Ya kawaida."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Akaja na chupa ndogo, na kabla sijafungua mdomo nikasikia ta! kizibo kimeshakatika. Ukishasikia mlio ule umeshanunua.

"Mwanangu, mimi nilitaka ya kawaida."

"Haya si ya baridi, baba. Yashike."

Nikayashika. Kweli hayakuwa ya baridi. "Nasema ya kawaida, ya jagi. Yale mnayokunywa nyie. Ya bomba, kama mmeyachemsha."

Katika maneno yote hayo yeye alilisikia moja. Akageukia kaunta, na kwa sauti ile ya kuitia abiria wa Masasi pale stendi ya Mkanaledi, akasema, "Dada! Kuna mzee huku anataka maji ya bomba!"

Meza zote zikanigeukia. Kijiko cha mtu kiligonga sahani nikakisikia. Yule dada wa kaunta hakusimama, hakunisalimu, hakusema hata "karibu" ya kinafiki. Alinyoosha kidole tu kuelekea ukutani.

"Ya bomba si yale pale?"

Alikuwa ananionyesha sinki la kunawia mikono.

Nilichofanya sijutii, ingawa mke wangu anasema nilipaswa kujutia. Nilinyanyuka. Nikaenda hadi kwenye lile sinki, lenye chembe za wali kwenye chujio na, juu yake, sabuni ya maji iliyozimuliwa hadi imekuwa rangi ya chai ya hospitali, ndani ya chupa iliyotobolewa kizibo. Chupa yenyewe, angalia vizuri, ni ya maji ya kunywa. Nikafungua koki, nikakinga kiganja, nikatupia kidonge mdomoni, nikameza. Yalikuwa ya uvuguvugu, bomba limepigwa na jua mchana kutwa. Nikapangusa ndevu, nikarudi kwenye kiti changu taratibu. Bwana mmoja wa meza ya dirishani alicheka. Nilimwona.

Tangu siku hiyo lile swali haliniondoki kichwani. "Ya baridi au ya kawaida?" Linavyosikika ni swali la ukarimu, kumbe ni mtego wenye matundu mawili, na yote mawili yanatokea kaunta. "Makubwa au madogo?" ni hivyo hivyo. Jibu la tatu, la jagi, halimo, na wewe ukilitia unaonekana umevunja mazungumzo.

Nilimsimulia mpwa wangu aliyesoma Uingereza, nikidhani atanihurumia. Akacheka. Akasema na kule mhudumu anakuja na swali lake: yenye gesi au yasiyo na gesi? Yote ya chupa, yote ya pesa. Aliyezoea anajibu bila kupepesa, "Ya bomba," analetewa glasi au jagi, na hakuna anayegeuka kumtazama. Tena akaniambia kuna sharti la leseni tangu 2010: mahali panapouza pombe ya kunywea hapo hapo, mteja akiomba maji ya kunywa ya bomba apewe bure. Ufaransa ni zamani zaidi, agizo la serikali la 1967 linahesabu jagi la maji ya kawaida na mkate kuwa ndani ya bei ya chakula. Hispania wametunga sheria 2022, mgahawa uwe na maji ya bomba ya bure kwa mteja. Ila akasema Ujerumani usijaribu, utalipia na utakaziwa macho, kwa hiyo si Wazungu wote. Mimi sikuwa nataka sheria. Nilitaka glasi.

Na hilo la gesi, jamani, Mtwara! Mji huu 2013 ulichafuka kwa neno "gesi haitoki", watu wamekataa gesi ya kwetu isipelekwe Dar. Gesi ikatoka, bomba likalazwa mpaka Dar. Sasa katika mji wa gesi kisichotoka ni glasi ya maji.

Haya, niwatendee haki, maana nasikia pumzi ya mtu nyuma ya kiti. Maji ya bomba ya kwetu hatukufundishwa kuyanywa yalivyo. Kila nyumba inaambiwa chemsha, na kipindupindu tunakijua. Mgahawa ukinipa glasi nikaenda kuharisha nitasema ni wao, na kweli ningesema, tena hapa hapa. Mtu aliyeogopa hilo simlaumu. Kuchemsha nako ni mkaa au gesi, na mkaa una bei. Hapo nawaachia nusu.

Lakini nusu nyingine hawaipati. Ile chai ya rangi wanayouza wanaipika kwa maji gani? Juisi ya ukwaju imezimuliwa kwa nini, machozi? Zile barafu zinazoelea ndani ya glasi ya embe zilitoka kiwandani? Wali wangu ulichemka ndani ya kitu, na kitu hicho nimekila kikanishibisha. Kwa hiyo maji salama jikoni yapo. Yanakuwa hatari pale tu yanapoombwa bila kitu ndani yake.

Niseme kilichoniuma hasa, maana si zile pesa. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Asiyekujua kule nimweleze: mji umekaa juu, maji yamekaa chini. Uwanda wetu hauna mto, mchanga unakunywa mvua yote, mwezi ukipita ni vumbi. Utotoni mwangu mama alitoka giza halijapambazuka, akashuka bondeni, akarudi jua limepanda. Mteremko ule ukiushuka mtupu magoti yanatetemeka, sembuse kuupanda na ndoo ya lita 20 kichwani. Bomba la kutoka Kitangari lilikuwapo, ila lilikuwa na siku zake, na siku zake lilizijua lenyewe. Wenye nyumba za bati walijenga visima vya saruji uani wakavuna mvua, wakaweka mfuniko, wakaupiga kufuli. Ndiyo, kufuli. Ufunguo wa kisima chetu ulilala kwenye pindo la kanga ya mama.

Basi katika nyumba hiyo, mgeni akipiga hodi, hata mpita njia asiyejulikana ukoo, kabla hajaulizwa habari za atokako mama aliingia ndani. Ningesikia kata ya kifuu inagonga ukingo wa mtungi. Anatoka nayo imejaa mpaka inamtiririkia kifundoni, anaipokeza kwa mikono miwili, goti moja chini. Mgeni anakunywa, anashusha pumzi, mabaki anayamwaga kwenye shina la mpapai, maana hata mabaki yalikuwa na kazi. Maji yale hayakuwa ya bure hata tone, yalibebwa na shingo. Lakini sikumsikia hata siku moja anauliza ya baridi au ya kawaida.

Na leo hapa mjini, muuza ming'oko wa barabarani, ile mizizi yetu ya kuchemsha, ambaye mtaji wake wote unaenea kwenye sinia, ukikabwa na ming'oko anakuchotea maji kwenye kidumu chake. Kwa mama ntilie jagi linatangulia kabla ya wali. Haya, kile kikombe kimoja cha plastiki kinachozunguka meza nzima mimi sikipendi, sijawahi kukipenda, namwaga kidogo kwanza ndipo nanywa. Lakini kinakuja.

Bili ikaletwa. Chupa ile, shilingi 1,500. Dukani nje ya geti ni 500.

"Haya maji sikuyanywa."

"Yameshafunguliwa, mzee," akasema yule dada wa kaunta.

"Na nani?"

Hakujibu, alikuwa anahesabu chenji ya meza nyingine. Nikalipa. Chupa nikaiacha mezani imejaa mpaka shingoni, kwa ubishi. Ubishi wa elfu moja mia tano. Nilipofika nyumbani nikaambiwa ningeibeba tu, mjinga mimi.

Mpaka hapo hukumu yangu ilikuwa tayari: msiende. Ila kuna kilichotokea getini, na nimekaa nacho siku kadhaa sijui nikiweke wapi.

Nilikuwa natafuta bajaji. Nikasikia kandambili zinakimbia nyuma yangu. Ni yule binti, ameshika kikombe cha plastiki cha bluu, kiganja kimefunika mdomo wa kikombe ili yasimwagike.

"Shikamoo baba. Haya ni ya kwetu wafanyakazi, nimeyachemsha mwenyewe asubuhi."

Yaani shikamoo ilinifikia getini. Nikaitikia marahaba kwa shida. Akasema samahani, hakujua nilitaka ya kumezea dawa. Akasema chupa zinahesabiwa asubuhi na zinahesabiwa jioni, na ikipungua moja wanaangaliwa wao wahudumu. Kizibo alikikata haraka kwa sababu ndivyo walivyoelekezwa, ikishafunguliwa mteja hairudishi. Hakulalamika. Alikuwa ananieleza tu, na huku anatazama nyuma kama anaitwa.

Na mimi, mtoto wa mama yule wa kata, nilimjibu nini? "Nimeshakunywa." Nikapanda bajaji nikamwacha amesimama na kikombe chake.

Kwa hiyo kama mnataka hukumu, imeniharibikia. Dada wa kaunta, hapana, sina neno jema juu yake na sitafuti. Mwenye mgahawa aliyewafundisha watoto kukata vizibo, ndiye hasa ninayemsema. Jikoni wana mkono. Yule binti anastahili mahali pengine, au hapo hapo lakini pawe pake. Msiende. Au nendeni, kaeni meza anazohudumia yeye, na kinachobaki kwenye chenji mwachieni mkononi, si kwenye kisahani.

Nilirudi. Mke wangu ndiye aliyenishinda, alitaka kumwona huyo pweza ninayemtukana na kumsifu kwa wakati mmoja. Safari hii tulitoka na chupa yetu kwenye pochi yake, maji ya kuchemsha ya nyumbani, lakini mlangoni tukakutana na kibao ambacho mara ya kwanza sikukiona: ni marufuku kuingia na chakula na vinywaji kutoka nje. Pochi ikafungwa.

Tukala. Pweza yule yule. Mke wangu akatafuna muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Wa kawaida."

Dada wa kaunta alikuwapo, ama hakunikumbuka ama alinikumbuka vizuri sana. Binti akaja na kidaftari chake. Akanitambua, akainamisha uso, na kabla hajauliza lile swali nikamwahi.

"Mwanangu, niletee chai ya rangi. Bila sukari, bila majani, bila tangawizi."

Akakaa na kalamu hewani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akaenda jikoni akicheka na kidaftari mdomoni, akarudi na kikombe juu ya kisahani, na kijiko kabisa, kinafuka moshi. Kwenye bili kiliandikwa kwa mkono wake: chai tupu, 500.

Nikakisogeza chini ya feni, nikaweka kidonge pembeni ya kisahani, nikasubiri yapoe.