Mpiga picha aliyemwita Kaniki wetu "lipaka"

Nimekaa na hii kitu moyoni wiki kadhaa, nilisema nikipoa ndo nitaandika, sasa naona sipoi, bora niandike hivihivi.

Kaniki ni paka wa marehemu mama. Mweusi tii kuanzia pua mpaka ncha ya mkia, ndo maana mama akampa jina hilo, alimkuta kwenye boksi la sabuni nyuma ya nyumba yetu Ngamiani hapa Tanga, macho hata hayajafunguka, akamlea kwa kumnywesha maziwa kwa bomba la sindano mpaka akawa dume la kutisha panya wa mtaa mzima. Sasa ana miaka 14. Mama katutoka, Kaniki kabaki, anakula kidogo, anakunywa maji mengi, na daktari wa mifugo alishatuambia figo zimechoka tusitegemee muda mrefu. Tuko wanne kwetu, mmoja yuko Muscat, mwingine Mwanza, na wakipiga simu wanamuulizia Kaniki kabla hawajaniuliza mimi nimeamkaje. Nikasema nitafute mpiga picha wa kweli apige picha moja nzuri, tuisafishe nakala nne kila mtu atundike kwake. Za simu ninazo nyingi sana ila zote Kaniki ni doa jeusi kwenye kochi, huoni sura, huoni chochote.

Huyu kaka nilimpata kwenye stetasi ya jirani. Anapiga harusi na sendofu na kazi zake ni nzuri, siwezi kusema uongo, watu wanatoka na rangi zao, sio wale wanaokupaka weupe mpaka ndugu zako wanauliza bibi harusi nani. Nikamwandikia kila kitu: ni paka, ni mzee, ni mweusi, anaogopa kelele, studio haendi, we ndo uje nyumbani. Akanijibu kwa dole gumba. Tukakubaliana laki na nusu, sabini na tano nikarusha M-Pesa siku hiyohiyo.

Tulisema saa tatu asubuhi, maana muda huo mwanga unaingia vizuri dirisha la sebuleni na Kaniki akishakula anatulia. Alikuja saa saba. Hilo nililimeza. Lililonikwama ni lililofuata. Kaingia na vitu vyake masikioni, hodi hajapiga, mama mkubwa kakaa pale kwenye mkeka na ungo wake anachagua mchele, mtu wa miaka 80 na ushee, yule kaka kampita kama kapita ndoo ya maji. Mi ndo nikamwambia "kaka, mama yupo hapo chini", akageuka nusu akasema "mambo vipi bimkubwa". Mambo vipi! Jamani mama mkubwa watu wazima wenye wajukuu wanachuchumaa kumwamkia!

Alafu akamuona Kaniki juu ya kochi. Akarudi nyuma kabisa mpaka akagonga mlango akasema, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka, "Aah dada, si ungesema ni jeusi, haya malipaka meusi si ndo yanatumwaga usiku? Lipaka hili mnalala nalo humu ndani?"

Kwanza nilisema. Meseji ninayo mpaka leo, neno mweusi lipo. Pili, lipaka? Hata mbwa koko anayepita barabarani tunasema huyu, katoka wapi huyu, kalala, kaamka. Ukimwita mnyama wa watu lipaka hili, mbele ya wenyewe, ndani ya nyumba ya marehemu aliyemlea, umenitukania mama. Sijui wengine mnalichukuliaje, mi nilihisi hivyo na bado nahisi. Na hayo mambo ya kutumwa usiku sio maneno ya kurusharusha tu, huku uswahilini kuna paka wanapigwa mawe na kumwagiwa maji ya moto kwa sababu tu ya rangi waliyozaliwa nayo, Kaniki mwenyewe sikio la kushoto lina pengo, jiwe hilo.

Mama mkubwa hakupandisha sauti. Aliacha ungo akamwambia, "Mwanangu, Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Sahaba wake Abu Qatada alimuinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, naye akatawadha kwa maji hayohayo. Wewe hayo ya kutumwa kakufundisha nani?" Unajua alifanya nini? Alicheka. Akaanza kufungua mabegi.

Picha zenyewe sasa. Akatundika shuka jeupe ukutani kama anapiga pasipoti, akasimamisha taa mbili za flashi, akaniambia nimshike Kaniki nimkalishe. Flashi ya kwanza ikalipuka, masikio ya Kaniki yakalala ubavuni, mkia ukaanza kuchapa kochi, paka akiwa hivyo keshakwambia basi. Nikasema kaka subiri. Hakusubiri, akapiga kama ishirini hivi mfululizo. Nikaomba nione kwenye kioo cha kamera. Shuka jeupe, katikati shimo jeusi, na ndani ya shimo taa mbili za kijani. Ndo hicho. Nilikuwa nimelipia kitu ambacho simu yangu inafanya bure.

Kaniki akaruka akaingia chini ya kabati la vyombo. Na yule mtu akaomba fagio. Fagio! Amtoe paka mgonjwa wa miaka 14 chini ya kabati kwa mti wa fagio. Hapo nilisema maneno ambayo mama angekuwepo asingependa kuyasikia toka kinywani mwangu, na siyajutii. Akatoka nje kupiga simu, akasema tukiwa tayari tumwite.

Sasa alikuja na msaidizi, kijana mdogo wa kubeba stendi. Huyu toka mwanzo alivua viatu mlangoni, akampa mama mkubwa shikamoo yake, akakaa pembeni kimya. Bosi alipotoka akaniuliza polepole, "Dada, anapendaga nini?" Nikamwambia dagaa. Akashusha lile shuka, akazima taa zote, akafungua dirisha lile la upande wa ua mpaka mwisho, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya simenti, kamera kaiweka chini kabisa usawa wa uso wa paka. Akawa anakwaruza mkeka kwa ukucha, krr, krr, wala hamwangalii. Nikamuuliza kwanini ile ya kwanza imetoka vile, akaniambia shuka jeupe likijaa kwenye picha kamera inadhani mwanga ni mwingi, inapunguza, paka mweusi anazama. Na zile taa za kijani ni kwa sababu nyuma ya jicho la paka kuna utando unaong'aa, flashi ikimpiga usoni inarudi kama ilivyokwenda. Mweusi anataka mwanga wa ubavuni, ndo manyoya yanaonekana moja moja. Kaongea hayo yote kwa kunong'ona, bado kalala chini.

Ilichukua karibu saa nzima. Kaniki akatoa pua, akatoa kichwa, akala dagaa mmoja, alafu badala ya kuja kwetu akaenda zake kukaa kizingitini mwa chumba cha mama, pale anapokaaga, akageuza shingo kutuangalia. Kijana akabonyeza mara tatu tu.

Ile picha siwezi kuielezea ikatosha. Unaona unywele mmoja mmoja, shingoni pale mwanga ulipomgusa sio mweusi ni kama kahawa iliyokolea, unaona pengo la sikio, unaona zile nywele nyeupe chini ya kidevu, nilizihesabu ni sita, mimi niliyemlisha kila siku sikuwahi kujua zipo. Na macho ni yake. Ni yeye anakuangalia kukuuliza umechelewa wapi. Mama mkubwa alipoonyeshwa akasema tu "ndo huyu" akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Bosi akarudi, akachukua kamera toka mkononi mwa kijana, akaangalia, akasema "Nimeipata!" Mbele yetu sote tuliokuwepo!

Alafu akataka elfu hamsini ya juu, ya usumbufu. Nikammalizia sabini na tano yake iliyobaki na sio senti zaidi, kijana nikampa yake pembeni mkononi. Picha ikaja baada ya siku nyingi za kukumbushana, tena jina lake kaliandika kubwa juu ya mkia wa Kaniki kama nembo ya kwenye gunia la unga, ikabidi nigombane tena ndo nikatumiwa isiyo na maandishi. Na kaiweka kwenye kurasa zake, watu wanamsifia uvumilivu.

Nilipanga kumpa nyota moja. Kaka yangu wa Muscat alipopokea ile picha alinipigia akashindwa kuongea, tukawa tunasikilizana tunavyovuta pumzi, nikasema basi, mtu kalipwa kaleta kitu kimemliza kaka yangu, nyota nne, nisiwe mchoyo. Lakini kila nikitaka kuandika nne nasikia lile neno, lipaka, na naliona lile fagio. Na kuna kitu kingine kimenijia nikiwa naandika hapa, zile harusi nilizosifia hapo juu, mwanga umekaa vizuri kwenye ngozi za watu weusi, sasa nani alikuwa ameshika kamera? Sina ushahidi. Ila najua nilichokiona sebuleni kwetu. Kwahiyo hapana, ile kazi sio yake, moja ni nyingi kwake, na yule kijana siku akifungua yake nitakuwa wa kwanza kumlipa, kamili, kabla hajaja.

Kama una paka au mbwa unataka apigwe picha, muulize mpiga picha kabla hujatuma hela kama anaogopa au hataki kumgusa, mtu kuwa na woga au imani yake sio kosa, aseme tu mapema. Na usikubali shuka jeupe kama wako mweusi.

Hela tulishamalizana, simdai. Ninachomdai ni shikamoo ya mama mkubwa, na nyumba anaijua.