Uzoefu wangu: seti ya ovahoo ya 3L kwenye Hilux yangu kuukuu, hapa Malindi

Seti niliyonunua ni ya ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya, kwa injini ya Toyota 3L: pistoni nne zenye kipenyo kilichozidi cha kiwandani kwa nusu milimita, ringi zake, beringi za krankishafti na za rodi, gasketi zote na sili. Shilingi 42,000, duka la vipuri Mombasa. Pistoni, ringi na beringi nazipa alama zote. Gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya bloku na kichwa cha injini, nusura inirudishe mwanzo, na sili moja inanisumbua hadi leo, kwa hiyo seti nzima haipati zaidi ya nyota tatu kati ya tano. Karakana iliyonichongea bloku nayo ina sifa yake na lawama yake.

Gari ni Hilux ya milango minne, ya mwaka 1996, ya kuvuta magurudumu yote manne. 3L ni dizeli ya silinda nne, lita 2.8, haina taabo wala kompyuta. Kila kilichomo ndani yake kinafunguliwa kwa spana, ndiyo maana sikuogopa. Gari lenyewe limekula chumvi nyingi, ya umri na ya bahari pia, maana kazi yake ni kupeleka bidhaa Gongoni, Ngomeni na Marafa. Aliyepita njia ya Marafa wakati wa jua anajua lile vumbi. Ukifuata gari jingine huioni boneti yako mwenyewe.

Mwaka jana kusi lilipoanza kuvuma na asubuhi kupoa kidogo, likawa haliwaki ila kwa kubembelezwa. Likishawaka, moshi wa buluu unajaa uchochoroni mpaka jirani anafunga madirisha. Nilikuwa naongeza lita moja ya oili kila kilomita 400 hivi. Ukilegeza kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma, kinachezacheza juu ya tundu lake kama kifuniko cha sufuria ya wali.

Kila niliyemuuliza aliniambia ninunue injini ya mtumba kutoka Japani. Niliyoonyeshwa ilikuwa shilingi 190,000 kabla ya kufungwa, na muuzaji hakutaka hata kusikia habari ya kupima kompreshani, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Nikarudi nyumbani nikapima ya kwangu. Geji lazima iwe ya dizeli, ile ya petroli haihimili. Unatoa hita plagi, unafunga geji kwenye tundu, unazungusha injini kwa stata. Nilipata psi 340, 330, 245 na 325, silinda ya kwanza hadi ya nne. Kitabu cha ufundi kinataka isishuke chini ya 284, na silinda zisipishane zaidi ya 71. Silinda ya tatu ilikuwa imekwisha. Kijana mmoja akasema tutie oili kidogo kwenye silinda tupime tena tuone kama ni ringi. Kwa petroli sawa. Kwenye dizeli nafasi ya juu ya pistoni ni finyu mno, hiyo oili inaijaza, geji inapanda na kukudanganya.

Fundi niliyempata ni mtu mzima aliyezoea Land Rover tangu ujana wake. Sharti lake lilikuwa moja: “Mwalimu, mimi nafungua na kufunga. Kupima utapima wewe, macho yangu hayaoni tena zile mistari.” Tukakubaliana shilingi 25,000 kwa kazi yote, chakula cha mchana juu yangu. (Wali wa nazi na samaki kila siku ya kazi. Hesabu hiyo sikuiandika popote.)

Mimi nilitaka tufunge chenibloku kwenye tawi la mwembe. Fundi aliutazama mwembe, akanitazama mimi, akaomba boriti. Tulinunua boriti sita nene za mikoko, tatu kila upande, tukazifunga vichwa kwa mnyororo na kulaza bomba la chuma juu yake. Giaboksi tuliiacha garini imekaa juu ya jeki. Injini ilitoka kabla ya adhuhuri bila hata kugusa rejeta.

Ila jambo kubwa tulikuwa tumeshaliona kabla ya kuinyanyua. Mpira wa hewa unaotoka kwenye boksi la chujio kuingia injini ulikuwa umepasuka chini ya klampu, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uuvue. Ndani yake, baada ya chujio, nilipitisha kidole kikatoka chekundu. Miaka yote hiyo nabadilisha chujio la hewa kwa bidii, na gari linavuta vumbi la Marafa kwa mlango wa nyuma! Maikromita ikathibitisha: silinda za 3L zinatoka kiwandani na kipenyo cha milimita 96, na ya tatu ilikuwa imelika hadi 96.24 pale juu ringi zinapogeukia, ilhali chini ilikuwa karibu kama mpya. Kulika kwa namna hiyo ni kwa mchanga. Ningefunga ile injini ya Japani bila kuugusa huo mpira, nayo ingeishia hapohapo.

Sasa karakana. Bloku, hedi na krankishafti zilikwenda Mombasa kwa pikapu, kilomita 120 hivi, na pistoni mpya nilizibeba mapajani. Hili nililishikilia kabisa: bloku isichongwe kabla pistoni hazijafika mezani. Wapo wanaochonga kwa kipimo cha kitabuni, halafu pistoni ikija imepishana kidogo, inagonga au inakwama. Hawa walipima kila pistoni, wakaichongea tundu lake na kuandika namba juu. Kazi safi, nami niliihakikisha kwa geji nyumbani. Hedi waliipima kwa maji ya presha, haikuwa na ufa. Krankishafti ilihitaji kung’arishwa tu. Shilingi 27,500 kwa yote.

Lawama ni kwamba walinirudishia bloku chafu. Kwa macho ilikuwa inang’aa, lakini nilipotoa vizibo vya njia za oili na kupitisha brashi, ulitoka unga wa chuma mweusi. Unga huo ungekwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya saa ya kwanza tu ya kuwasha. Nilipowapigia simu waliniambia kuosha ni kazi ya fundi wa kufunga. Basi ijulikane hivyo.

Na kosa langu mwenyewe. Bloku ilifika jioni, nikaifunika gunia nikaenda zangu kulala. Asubuhi silinda zote nne zilikuwa na rangi ya chungwa. Chuma kilichotoka kuchongwa hakina kinga yoyote, na upepo wa bahari wa hapa hausubiri wiki. Fundi alicheka kwanza, kisha akapita kila silinda kidogo kwa hona ya mkono (kifaa cha kusugulia silinda) na mafuta ya taa. Mpwa wangu akaosha bloku kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, akaikausha, akawa anafuta silinda kwa kitambaa cheupe hadi kitambaa kikabaki cheupe. “Mjomba, shati la shule halijawahi kufuliwa hivi,” alisema. Tukaipaka oili papo hapo, maji hayajakauka vizuri hata mikononi mwetu. Ukiwa unaishi mbali na bahari pengine hutaona shida hii. Ukiwa Malindi au Lamu, oili iwe tayari kabla ya maji.

Nirudi kwenye gasketi ya hedi. Za injini hii zina unene wa aina tatu, na unachagua kwa kupima kiasi ambacho pistoni inachomoza juu ya uso wa bloku ikifika kileleni. Seti ilikuja na moja tu, ile nyembamba kuliko zote, na hakuna karatasi iliyosema lolote. Karakana ilikuwa imepiga plaina uso wa bloku, kwa hiyo pistoni zangu zilichomoza zaidi ya zamani. Nilipima zote nne kwa daili geji (geji ya mshale), mara tatu, maana sikuyaamini macho yangu, na jibu likawa lilelile: nahitaji ile nene. Ningefunga iliyokuja, pengine pistoni zingegonga hedi siku ya kwanza. Muuzaji alinijibu kwamba “gasketi ya 3L ni gasketi ya 3L.” Niliinunua ya kiwandani kwingine kwa shilingi 6,500.

Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, niliazima. Bolti za hedi zinakazwa kwa kipimo kwanza, kisha kila moja inazungushwa robo mzunguko, kisha robo nyingine. Ili tusisahau iliyokwisha, mpwa wangu alitia nukta kwenye kila kichwa cha bolti kwa rangi ya kucha ya mama watoto. Timing belti, yaani mkanda unaoendesha vali, na tensheni yake tuliweka mpya bila mjadala, kwa sababu mkanda huo ukikatika kwenye injini hii vali zinakutana na pistoni. Nozo za kupulizia dizeli na pampu yake zilikwenda kupimwa, shilingi 18,000, na hapo sina la kuongeza.

Siku ya kuwasha tulichomoa kwanza waya wa kukata dizeli kwenye pampu, tukazungusha kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika. Tukarudisha waya. Ikawaka mara ya pili, ikatoa moshi mweupe wa dakika chache wa oili tuliyopaka ndani, kisha ukakatika. Fundi hakuiacha ingurume bure pale uani. Alitaka iende barabarani ikabebe mzigo mwepesi, kwa sababu ringi hukaa kwa kusukumwa. Nilikwenda Gongoni na kurudi, nikabadilisha oili kwenye kilomita 500, nikaona chembe chache zinazometa, na kwenye 1,500 sikuona kitu.

Leo gari lina kilomita 4,000 tangu lifungwe. Kompreshani ni kati ya 435 na 450 kwa zote nne. Oili haijashuka hata nusu ya nafasi iliyo kati ya alama mbili za kijiti cha kupimia. Jumla yangu, pamoja na usafiri, vichujio na mpira mpya wa hewa, ni shilingi 142,000 na miezi miwili bila gari. Mwenye gari la kumletea riziki ya kila siku asithubutu kabla ya kupanga atasafirisha vipi. Mimi biashara ya Marafa ilinipungua kwa nusu.

Kilichobaki ni sili ya nyuma ya krankishafti, ile iliyokuja na seti. Imeanza kutoa jasho, tone moja usiku mzima kwenye sakafu. Kuibadilisha ni kushusha giaboksi. Sili mpya nimeshanunua, tena si ya seti. Boriti hatujazing’oa, na mama watoto amefunga kamba ya kuanikia nguo kati yake, anasema fundi akirudi ampe taarifa siku moja kabla.